Kumpeleka Thieta Mtoto Asiyeumwa

Uvimbe tuliuona tukimwogesha mwanangu. Ulikuwa kinenani, upande wa kulia, mdogo kama ndimu changa, ukitokea akilia na kupotea akilala. Mamangu alisema ni mshipa, utarudi wenyewe. Akaniuliza mbona mtoto wa jirani alikuwa na kitovu kimetoka nje na sasa kimeingia bila kisu. Lilikuwa swali la haki, nami nikampelekea daktari vilevile lilivyo.

Kitovu cha namna hiyo, alituambia, mara nyingi hujifunga chenyewe mtoto akifika miaka 4 au 5. Ngiri ya kinena, ambayo ndiyo uvimbe wa mwanangu, haijifungi. Kabla mtoto wa kiume hajazaliwa, korodani hushuka kutoka tumboni kupitia njia ndogo ambayo baadaye huziba. Kwa wengine haizibi, na utumbo hupata upenyo wa kutokeza. Siku ukinaswa humo, uvimbe huwa mgumu, mtoto hulia kwa maumivu na kutapika, na damu ikikatika utumbo waweza kufa. "Hapo tutampasua usiku wa manane mbio mbio," akasema. "Afadhali tupange siku."

Tukapanga. Lakini mtoto hakuwa mgonjwa, na hilo ndilo lililonitesa. Mtoto akiwa na homa kali unambeba tu ukakimbia naye. Huyu alikuwa akifukuzana na paka kwenye kichochoro chetu Kisauni, anakula, analala, anacheka mpaka anapaliwa. Kila nikimtazama nilihisi ninamwonea. "Mwanangu, mtoto mzima hivi ukampeleke akakatwe?" mamangu aliniambia, na sikuweza kumkasirikia, maana hofu yake ndiyo yangu. Nilimwomba aje nasi kliniki. Alikuja na buibui lake la kutokea, akauliza maswali mengi kunishinda, akataka kuchorewa ile njia kwenye karatasi. Tulipotoka alisema, "Basi na iwe, inshallah," na karatasi akaitia mkobani.

Tarehe ya kwanza ilivunjwa na mafua ya masika. Mtaalamu wa nusukaputi, yaani dawa ya usingizi, alimsikiliza kifua, akaturudisha nyumbani kwa wiki kadhaa: mtoto mwenye mafua, njia zake za hewa huweza kubana akiwa usingizini. Roho iliniuma, lakini nilimwamini zaidi kwa kukataa kwake.

Mke wangu ananyonyesha mdogo wake, kwa hivyo wa kuingia naye nilikuwa mimi. Watu wa nyumbani walinishauri nimwambie tunakwenda ufukweni Mama Ngina kula mihogo. Nilikataa katakata. Ana miaka 3, na miaka 3 yatosha kukumbuka kwamba babako alikudanganya. Nilimwambia mtoto kwamba daktari atamlaza, ataifunga ile njia, akiamka huenda pakauma kidogo, nami nitakuwepo. Alichouliza ni kimoja tu: je, atavuliwa suruali mbele za watu? Hilo tulilizungumza kwa urefu. Nilimwahidi atafunikwa, na asubuhi ile nilimnong'oneza muuguzi kuhusu ahadi hiyo. Akaitimiza kwa heshima kubwa, Mungu amlipe.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya njaa. Chakula chochote mwisho masaa 6 kabla, maji matupu mpaka masaa 2 kabla, kwa sababu kilichomo tumboni chaweza kupanda na kuingia mapafuni mtoto akiwa hajitambui. Sheria hiyo ni rahisi kuisoma. Ila jirani yetu hukaanga mahamri ya kuuza tangu adhana ya alfajiri, na harufu ya iliki haibishi hodi. Mwanangu alisimama mlangoni: "Baba, moja tu." Nikamwambia tumbo lina kazi leo, likifanya kazi halitaki kitu. Akasema basi nusu. Akasema basi kipande. Mamangu aliingia chumbani akafunga mlango, kwa sababu mkono wake ulikuwa ushaanza kwenda kwenye sahani. Sikula mimi, hakula yeye, na kwenye tuktuk darajani Nyali mtoto aliacha kuomba akaniegemea kifuani. Ukimya wake ulikuwa mgumu kuliko kilio.

Walimpima uzani tena, maana dawa zote huenda kwa kilo. Nikatia sahihi. Ndani aliambiwa apulize barakoa kama puto, akapuliza, macho yakamlegea, mwili ukanilalia mkononi kama haukuwa na mifupa. Nikaambiwa nitoke.

Haikufika saa nzima. Kidonda ni kifupi, kwenye kunjo la ngozi, na nyuzi huyeyuka zenyewe. Akiwa bado usingizini walimdunga ganzi chini ya mgongo, ili maumivu yasimpokee akiamka. Hata hivyo aliamka akipiga mateke, analia, hanijui, anataka kung'oa sindano ya mkononi. Nilidhani kumeharibika. Muuguzi akanituliza: ni dawa ya usingizi inatoka, wadogo wengi huamka hivi. Kweli, baada ya muda alinyamaza, akaingiza mkono chini ya shuka kuhakikisha kwamba amevishwa.

Kabla ya magharibi tulikuwa nyumbani na chupa ya panadoli ya maji na amri ya kutoruka, ambayo aliitii mpaka alipomwona paka.

Juzi binamu yangu wa Likoni alinipigia. Binti yake ana uvimbe kama ule, naye akidhani ngiri ni ya wavulana peke yao. Wasichana hupata pia, na kwao hata ovari yaweza kuingia humo. Sasa ameshapewa tarehe. Mamangu ndiye atakayekwenda kumshikia mdogo siku hiyo, na ameitafuta ile karatasi ya mchoro amwonyeshe mama mkwe wa binamu yangu, ambaye bado hataki.