Nilikuwa namjibu kitu ambacho hajasema

Juzi nilibishana na shemeji yangu kuhusu hukumu ya kifo, mimi naipinga kabisa na yeye anaiunga mkono kabisa, tukaenda kama saa nzima hivi sauti zinazidi kupanda mpaka akanyamaza, akaniambia "shem, tangu tumeanza unanijibu kitu ambacho mi sijasema."

Iliniuma, maana nilipokuja kuwaza nikaona ni kweli. Kichwani nilikuwa nishaamua kwamba anataka kisasi, kwa hiyo kila alichoongea nilikuwa napinga hoja ya kisasi tu. Kumbe hoja yake ni familia ya aliyeuawa, watu wanaolala na hofu kwamba muuaji siku moja atatoka gerezani arudi mtaa uleule. Hilo ni swali lingine kabisa, na jibu sikuwa nalo.

Kuna mwanahisabati anaitwa Anatol Rapoport, alichunguza sana mambo ya migogoro, yeye alishauri kwamba kabla hujampinga mtu ueleze kwanza msimamo wake mpaka mwenyewe akubali kuwa ndo hivyo hasa. Jaribuni, ni ngumu kuliko inavyosikika, mdomo unataka kukimbilia "lakini".

Halafu watu wanadhani kumsikiliza mtu ni kumkubalia. Sio. Mwaka 1993 Constand Viljoen, jenerali aliyewahi kuwa mkuu wa majeshi ya Afrika Kusini enzi za ubaguzi, alikuwa na watu nyuma yake walio tayari kushika silaha, na Mandela akamkaribisha nyumbani, akammiminia chai kwa mkono wake, akaongea naye Kiafrikana, lugha aliyojifunza akiwa mfungwa. Kwenye ubaguzi hakulegea hata chembe. Wakaendelea kuzungumza miezi kadhaa, na 1994 Viljoen akaingia kwenye uchaguzi na chama chake badala ya kwenda vitani. Mimi hapo kwenye lugha ndo pananigusa zaidi, kukaa gerezani ukajifunza lugha ya waliokufunga ili siku moja uelewane nao!

Sisemi uvumilie matusi jamani. Mtu akikudharau utu wako ondoka, hapo hakuna mjadala tena.

Basi jana nikamrudia shemeji, nikaanza "shem, kama nimekuelewa, unachosema ni hiki..." akanisahihisha, nikarudia, akanisahihisha tena, mara ya tatu ndo akasema "eeh, hapo sawa." Bado naipinga hukumu ya kifo na yeye bado anaitaka, ila safari hii tulichokuwa tunabishania ni kama kifungo cha maisha kiwe cha maisha kweli, mtu asitoke, na hapo nilijikuta namuuliza maswali kuliko kumjibu. Tumeishia katikati, wikiendi tunaendelea.