Rolex ya betri, nusu bei: nani angeivaa?

Vijana wanaouza simu mkabala na kibanda changu cha ufundi wa saa hapa Mombasa hupenda kunitupia maswali biashara ikilala. La juzi lilikuwa tamu. "Ami, Rolex wakitoa ile saa yao ya wapiga mbizi, Submariner, lakini ya betri, waiuze nusu bei, si watu watavunja milango?"

Wangevunja, nikamjibu, ila si wale unaowadhania.

Tuanze na mashine. Ndani ya saa ya betri mna kijiwe cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Sakiti huhesabu mitetemo hiyo, na hesabu ikitimia akrabu husukumwa hatua moja. Saa ya kawaida ya namna hiyo hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi. Rolex mpya ya springi, isiyotumia betri, kiwanda chenyewe hujivunia kwamba haitakosea zaidi ya sekunde mbili kwa siku, mbele au nyuma. Piga hesabu ya mwezi mzima uone. Kwa kazi ya kusema saa, Casio inayoning'inia hapa dirishani kwangu huenda ikaishinda Submariner inayouzwa zaidi ya dola 9,000, na mwenye Submariner analijua hilo vizuri tu. Akitaka kujua saa anatazama simu.

Vijana wengi hawajui kwamba betri ilianza kwa matajiri. Seiko walipotoa Astron mjini Tokyo, tarehe 25 Desemba 1969, saa ya kwanza ya kwatzi ya mkononi kuuzwa dukani, bei yake ilikuwa yeni 450,000, pesa ya kununulia gari dogo. Mwaka uliofuata Rolex nao wakatoa yao, ya dhahabu. Hakuna aliyeona haya kuvaa betri wakati ule. Ilikuwa ndiyo habari ya mjini. Haya ilikuja baadaye, betri iliposhuka bei ikafika kwa kila mwanafunzi. Viwanda vya saa vya Uswisi vilivyokuwa na wafanyakazi kama 90,000 mwaka 1970 vikabaki na kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980, na waliosalimika wakaanza kuhubiri kwamba saa ya heshima ni ya springi. Mahubiri yameingia mpaka huku kwetu.

Mtu akitaka kujua kama umevaa orijino au feki, kwanza huangalia akrabu ya sekunde. Ikiteleza, ni ya springi, mashallah. Ikiruka tak, tak, tak, ni ya betri, basi ni ya mtumba wa soko la Marikiti. Kipimo hicho kimepitwa, maana feki za siku hizi zinatoka China na mashine za springi zinazoteleza vizuri kabisa, lakini watu hawajakiacha. Mzee mmoja aliyefanya kazi Maskati miaka mingi aliniletea Oysterquartz nimtie betri. Hiyo ni Rolex halali ya betri, iliyotoka mwaka 1977 na kutengenezwa kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipoifungua nilikaa nikaitazama kwanza kabla ya kuigusa. Mashine imepigwa msasa mistari kwa mistari kana kwamba itawekwa dirishani, na mlio wake unausikia ukiwa upande wa pili wa meza. Mzee aliniambia akiivaa harusini, vijana wanatazama akrabu ikiruka, wanakonyezana. Saa yake ni ya kweli kuliko zote ukumbini, na ndiyo inayochekwa.

Sasa fikiria Submariner ya betri ya nusu bei. Anayeinunua atakuwa na Rolex inayoruka, kila anayemwona anadhani ni feki. Na yule aliyelipa bei kamili atakasirika kwamba jina lile lile sasa liko mkononi mwa dereva wake. Wote wawili hawapati walichokilipia.

Hapo kijana wa simu akanibana. "Mbona Cartier nyingi ni za betri na watu wananunua?"

Ni kweli. Bibi mmoja mteja wangu ana Cartier Tank, huja betri ikiisha, hukaa kwenye stuli akingoja, na hajawahi hata siku moja kuniuliza mashine ni ya namna gani. "Mimi nataka kuivaa, sitaki kuilea," aliniambia. Patek Philippe wenyewe, kiwanda cha Uswisi cha saa ghali, walipotoa Twenty~4 ya wanawake mwaka 1999 waliitia betri, na ikauzwa kwa bei ya Patek. Ila mume wa bibi huyo ukimpa Patek ya betri atauliza kama umemtukana! Mimi nadhani wanawake ndio wenye akili hapa. Wananunua umbo na jina, wala hawajifanyi kwamba wamenunua uhandisi.

Kuna mfano unaonipendeza zaidi. Mtengenezaji saa anayeitwa F.P. Journe, mtu anayeheshimiwa sana na washabiki wa springi, alitoa Élégante mwaka 2014, na ni ya betri. Ukiivua ukaiweka chini, baada ya nusu saa na ushei akrabu zinasimama kuokoa betri, huku sakiti ikiendelea kuhesabu kimya kimya. Ukiinyanyua, zinakimbia zenyewe mpaka kwenye saa ya sasa. Bei yake ilivuka dola 10,000 na wanunuzi wakapanga foleni. Kwa hiyo betri wanaimeza bila taabu. Kinachowakwama kooni ni neno "nafuu".

Na MoonSwatch je? Machi 2022 Swatch na Omega walitoa saa ya betri yenye sura ya Speedmaster, saa maarufu ya Omega, kwa dola 260, wakati Speedmaster yenyewe ilikuwa zaidi ya 6,000. Maduka ya London yalifungwa siku hiyo hiyo kwa msongamano. Kampuni ilisema baadaye kwamba hata mauzo ya Speedmaster halisi yalipanda. Lakini tazama walivyofanya: mwili ni mchanganyiko wa kauri na plastiki, na jina la Swatch limeandikwa usoni waziwazi. Hakuna anayeweza kukosea, kwa hiyo mwenye ya dola 6,000 hapungukiwi na kitu. Hans Wilsdorf, mwanzilishi wa Rolex, aliliona hilo zamani. Alipotaka kuuza saa ya bei ya chini aliianzishia jina la peke yake, Tudor, akaliacha jina kubwa lilipo.

Mimi kama fundi nina neno moja la kuitetea springi, nalo ni vipuri. Gurudumu likivunjika, fundi mwenye mashine ya kuchongea anaweza kulitengeneza jipya. Sakiti ya miaka ya sabini ikifa, sina la kukufanyia, tutafute nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti. Anayetaka kumrithisha mwanawe saa ana haki ya kuiogopa betri.

Lakini ukitaka jina kubwa kwa pesa ya kawaida, ninyi mnaoniuliza kwenye simu, Omega Constellation ya betri iliyotumika ni biashara nzuri, kwa sababu hao wenye pesa wanaikwepa. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji afungue kifuniko cha nyuma mbele yako. Ukiona ukoko mweupe au wa kijani kando ya betri, hiyo imevuja, na huenda koili, ule waya mwembamba wa ndani, imeshaliwa. Akikwambia inataka betri tu, mwambie aitie yeye kwanza, iende, halafu ndipo mzungumze bei.