Ufunguo wa Kaka

"Yaani mimi nipige hodi nyumbani kwa baba yangu?"

Kaka aliyasema hayo Jumanne usiku kwa sauti ya chini, na ndiyo maana yameniganda. Angegomba, ningejua la kumjibu. Alinyamaza kwanza, nikasikia kiyoyozi cha chumba chake huko Muscat kikinguruma, kisha akasema, "Haya mdogo wangu, lala salama." Tangu hapo binamu ameolewa Pangani na mimi nimepewa ile nafasi ya idara niliyoisubiri tangu mwaka jana, lakini kichwani mwangu linazunguka swali hilo tu.

Seva yetu mnaijua, ile kompyuta ndogo juu ya kabati la vyombo yenye picha zote nilizoskani na kaseti za marehemu Baba. Kaka huingia Ijumaa baada ya swala, akachagua kaseti moja ya maulidi, hasa ile ambayo Baba anasikika akikohoa kabla ya kuanza. Alikuwa akiingia kwa nywila inayojulikana na ukoo mzima: jina la Bibi na mwaka wake wa kuzaliwa.

Sasa, tangu tupate anwani ya umma ya intaneti ili yeye aifikie seva akiwa ng'ambo, poti 22, mlango ambao seva hupokelea SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali), haipumziki. Nilifungua `auth.log`, daftari la seva la wanaojaribu kuingia, nikakuta mistari ya "Failed password" imejaa, kwa majina ya kubahatisha: root, admin, test, pi. Ni vijiprogramu vinavyozunguka duniani vikibahatisha nywila kwenye kila anwani inayoitika. Havitujui sisi wala havitutafuti sisi, lakini jina la mtu likifuatwa na mwaka ni katika vitu vya mwanzo vinavyojaribiwa.

Dawa yake ni kuingia kwa ufunguo badala ya nywila: jozi ya mafaili mawili, la siri linalobaki kwako na la umma linalowekwa kwenye seva. Wa kwangu nilikuwa nimeshautengeneza kwa amri ya `ssh-keygen -t ed25519`, nikaulinda kwa kaulisiri ndefu, kisha ule wa umma nikauweka kwenye `authorized_keys` ya seva, orodha ya funguo zinazokubaliwa. Folda nikaipa ruhusa 700 na faili 600, yaani mwenyewe tu ndiye azifungue, kwa kuwa watu wengine wakiweza kuandika humo, seva huupuuza ufunguo wala haimwambii anayeingia kwa nini. Kilichobaki kilikuwa kuandika `PasswordAuthentication no`, yaani kuifunga nywila, na hicho sikutaka kukigusa kabla ufunguo wa Kaka haujaingia. Ndiyo nikampigia. Nikamwambia nywila tunaifunga, atengeneze ufunguo wake, anitumie ule wa umma nimwandikishe. Ndipo akaniuliza la hodi.

Usiku wa Jumatano nilimjibu mara nyingi nikiwa kitandani. Kaka, nywila haikujui. Yeyote akiipata, kwa seva yeye ndiye wewe. Ufunguo wa siri haupiti kwenye waya hata siku moja. Kompyuta yako inatia saini nao, seva inaihakiki saini kwa ule wa umma, basi. Kompyuta yako ikiibiwa nafuta mstari wako mmoja na wengine hawasumbuki. Nikamwambia hata habari za Tatu Ylönen wa Helsinki, aliyeiandika SSH mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Hoja zote hizo, na bado nilimsikia akisema, nyumbani kwa baba yangu.

Alhamisi alfajiri WhatsApp ikalia. Faili kutoka kwa Kaka. Nikalifungua, mstari wa juu kabisa: BEGIN OPENSSH PRIVATE KEY. Nikaketi.

"Shikamoo Kaka. Huo ndio wa siri, haukupaswa kutoka kwako. Ufute, tengeneza mwingine. Ule wa siri usimpe mtu yeyote."

"Marahaba. Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho likaja neno moja: "Kumbe."

Baada ya kifungua kinywa ukaja mwingine, safari hii faili lenye `.pub`, mstari mmoja tu unaoanza na ssh-ed25519. Mwishoni mwa ufunguo wa umma kuna nafasi ya maelezo. Mtu asipoandika chochote hukaa jina lake na la kompyuta. Kaka aliandika `mtoto-wa-kwanza`. Nimeusoma mstari ule nikacheka peke yangu jikoni, machozi yananitoka, Mama akaniuliza kulikoni.

Jioni nikafunga nywila. Niliacha dirisha moja limeshaingia, nisije nikajifungia nje, nikajaribu kuingia kwa jingine, halafu nikahakikisha kwa `sshd -T`, amri inayoonyesha mipangilio inayotumika, maana ndani ya folda ya mipangilio, `sshd_config.d`, huweza kuwamo kijifaili kilichokwisha kuandika yes, na linalosomwa kwanza ndilo linaloshika. Ilikuwa no. Leo Kaka ameingia, amesikiliza kaseti mbili, na amenitumia ujumbe kuuliza kama ile ya harusi ya Shangazi ipo. Ipo, nitaisafisha wikendi.

Ila kuna la Muheza. Jirani amepanda miche ya michungwa huku upande wetu, amepita safu ya minyaa kwa hatua kadhaa, na karatasi za shamba anazo Baba Mdogo, ambaye tangu juzi hapokei simu. Mama bado sijamwambia.