Nguo zilizoanuliwa hazilali tena kwenye kochi: jinsi nilivyotatua

Kila jioni kochi letu lilijaa nguo zilizoanuliwa, na asubuhi watoto wakazichakura kutafuta soksi za shule. Nilinunua kabati la plastiki, likajaa. Nikajaribu kukunja zote Jumapili. Kufika Jumatano rundo limerudi.

Dawa ilikuwa kwenye kamba. Sasa tunaanika nguo za kila mtu mahali pake: za mkubwa upande wa ukutani, za mdogo katikati, zetu mwisho. Ukianua, zimeshajitenga, kila fungu linakwenda kwenye beseni la mwenyewe bila kupitia sebuleni. Na soksi, hapa ndipo penyewe: kila jozi kibanio kimoja, na usikitoe. Kinaingia nazo hadi kwenye beseni, kinatoka asubuhi zinapovaliwa. Mabeseni yasiwe na mifuniko, jamani. Watoto watarundika juu yake.