Tulivyopandisha Injini ya Caterham

Majira ya baridi ya 2012 nilikuwa nimepanga chumba kwa mzee mmoja Maidstone, katika jimbo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Mzee alikuwa amestaafu, na kwenye gereji ya ubavuni mwa nyumba, ambamo majirani zake huweka mashine ya kukatia majani na makorokoro ya Krismasi, alikuwa anaunda gari. Si kukarabati; kuunda, kutoka kwenye maboksi. Jioni moja jikoni nikamtajia kwamba nimekulia gereji, Gerezani, Dar es Salaam. Hakuuliza zaidi. Jumamosi iliyofuata alinigongea mlango asubuhi mapema, ameshavaa ovaroli. Injini inapanda leo.

Gari lilikuwa Caterham Seven. Baba yake ni Lotus Seven, aliyoitoa Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, mwaka 1957: mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa, bati la alumini juu yake, madigadi ya faiba, basi. Lotus walipochoshwa nalo, Graham Nearn, aliyekuwa akiyauza katika mji mdogo wa Caterham huko Surrey, alichukua haki za kulitengeneza mwaka 1973. Wakati ninaousimulia, kiwanda kilikuwa Dartford, si mbali na kwetu, na umbo la gari lilikuwa karibu lilelile la zamani. Uzito wake ni kama kilo 550. Corolla ya kawaida ina kama mara mbili ya hizo.

Mtu mwenye pesa ya gari jipya anahangaika kulifunga mwenyewe kwa nini? Zamani jibu lilikuwa kodi. Gari lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, lakini vipuri vyake havikutozwa, kwa hiyo Lotus wakaliuza vipande vipande. Husimuliwa kwamba masharti yalikataza kumpa mnunuzi maelekezo ya kufunga, nao wakamwandikia maelekezo ya kufungua, ayasome kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mzee aliipenda mno hadithi hiyo. Kila birika la chai lilikuja nayo. VAT ilipoanza mwaka 1973 mwanya ukazibwa, lakini watu hawakuacha kujifungia magari yao. Nadhani kodi ilikuwa kisingizio tu cha kuwatoroka watu wa ndani.

Gereji ilikuwa na baridi ya kutia ganzi. Spana ukiishika unatamani kuiachia. Chesisi ilikaa juu ya stendi nne, pua ya faiba ikiwa kando imefunikwa blanketi. Mzee alikuwa ameyaviringishia mabomba ya mbele mataulo makuukuu, kwani injini ya Seven haishuki wima. Nafasi ni finyu, na nyuma yake kuna handaki jembamba linalopita katikati ya viti. Unaunganisha injini na gia boksi kabisa zikiwa chini, unazining'iniza pamoja kwenye winchi, mkia wa gia boksi ukiinamia chini, halafu unaziingiza kwa mshazari kutokea mbele. Injini ilikuwa Ford Sigma ya lita 1.6, na gia boksi ya gia tano, ya ukoo wa zile zilizofungwa kwenye Ford Sierra. Mafuta ya gia hatukuwa tumetia. Kwa mwinamo ule yangemwagika yote kwa nyuma.

Gerezani kazi hiyo ni ya vijana wanne, cheni bloki na kelele nyingi. Hapa tulikuwa wawili na winchi ya kukodi. Mzee akashika mpini wa winchi. Mimi nikalala chali chini ya gari, maana propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ilikuwa imeshatangulia ndani ya handaki na meno yake lazima yaingie kwenye mkia wa gia boksi wakati injini inasogea. Huoni kitu. Unapapasa kwa ncha za vidole, unazungusha kidogo, unasema "teremsha," unasema "hapohapo."

Ikakwama. Mkono wa maunti ya kushoto, kile kishikizo cha kuifungia injini kwenye chesisi, ulikuwa umegota kwenye bomba la chesisi, taulo limeshachanika. Mzee akataka kuusukuma kwa mtaimbo. Nikamwomba angoje, nikampigia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Nikamweleza. Akataka kwanza kuelewa jambo moja.

"Gari ni jipya?"

"Jipya kabisa."

"Na mnalifunga wenyewe, nyumbani."

"Ndiyo."

"Milango ipo?"

"Ya turubai. Inabanwa kwa vifungo."

Akanyamaza kidogo. "Sasa huyo mzee kagombana na nani? Haya, hiyo maunti mmeifunga mapema ya nini? Itoeni, injini ipite uchi, mtaifunga ikishakaa."

Tukaitoa. Mzee akainua winchi kidogo, akasukuma, nami nikasikia meno ya propela yakikamata, yakateleza ndani mpaka mwisho. Mke wa Mzee alikuja na chai, akakuta miguu tu inatokeza chini ya gari, akarudi nayo jikoni.

Maunti zilipofungwa pande zote mbili nilikaa kwenye nafasi ya dereva, viti vikiwa bado havijawekwa. Nilinyoosha mkono nje na kugusa stendi bila kuinama. Kila nilichokiona mbele yangu kilikuwa na kazi yake. Hapakuwa na kipande cha kupendezesha.

Jioni Mzee alinionyesha boksi la vifuniko vidogo vya plastiki, vya kuvika nati zote zinazochomoza. Gari la kujifungia halipati namba mpaka lipite ukaguzi uitwao IVA. Mkaguzi hutumia tufe la kipenyo cha milimita 100, na popote nje linapogusa, ukingo sharti uwe umeviringwa, nusu kipenyo kisipungue milimita 2.5. Nilicheka peke yangu nikiyakumbuka madaladala ya kwetu yenye mabati yaliyochanika. Mzee hakuona cha kuchekesha. Alishaanza kuvivika, kimoja kimoja.

Zamu ya mabomba ya breki ilipofika, nilimkuta gerejini ameshanunua kadi ya kupigia simu Tanzania.