Mwisho wa Reli

Tabora walikata mabehewa ya Mwanza, nasi wa Kigoma tukaendelea magharibi usiku kucha. Tulipofika Uvinza kulikuwa kumekucha. Vijana walitupitishia vifuko vya chumvi madirishani, na mama niliyekaa naye tangu Dodoma akanunua vinne. Nilipoanza kusinzia tena akanigusa bega: “Mwanangu, usilale sasa. Tunafika mwisho wa reli.”

Ndivyo tunavyoiita Kigoma, na ndivyo ilivyo: kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam, reli inakomea kwenye Ziwa Tanganyika.

Nilisimama nje ya stesheni, begi miguuni, nikilitazama jengo la Wajerumani. Kuta nyeupe, nene, na matao yanayotia kivuli kizuri. Ni kubwa mno! Reli ilifika hapa Februari 1914, wakati mji wenye jina ulikuwa Ujiji, kituo cha kale cha misafara, kilomita chache tu kutoka hapa. Mbona basi hawakuipeleka Ujiji? Jibu liko ziwani. Kigoma ina ghuba yenye kina, meli kubwa inatia nanga bila shida. Ufuko wa Ujiji una kina kifupi. Stesheni hii haikujengewa mji. Ilijengewa ziwa, na biashara ya Kongo ng'ambo ya pili.

Kampuni ya Kijerumani ya Philipp Holzmann ilianza kuijenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905. Waliochimba tuta na kubeba mataruma ni Waafrika, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, na natamani majina yao yangechorwa kwenye kuta hizi.

Sherehe ya kukamilika kwa reli ilipangwa Agosti 1914. Mwezi huohuo vita vikaanza. Kwa njia hii ya reli ikaletwa meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Mafundi wakaiunga upya hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Waingereza waliiibua, wakaipa jina ambalo kila mtoto wa mwambao huu analijua: Liemba.

Niliporudi barabarani nilimkuta yule mama akipakia magunia yake kwenye daladala. Alikuwa anakwenda Ujiji.