Siku moja na kamera begani: kwani mpiga picha wa kweli ni nani?

Dogo anayenisaidia kazi (ana miezi mitano na mimi, mikono myepesi, maswali hayaishi) aliniuliza juzi: bosi, mtu anakuwa mpiga picha wa kweli lini? Akishanunua kamera kubwa, akianza kulipwa, au watu wakishamjua? Nikamwambia Jumamosi njoo mapema tuna harusi, tutaongea njiani. Hii ndo Jumamosi yenyewe.

Saa 11 alfajiri

Nimeamka kabla ya alamu na wala sio bidii, ni woga. Miaka yote hii bado usiku wa kuamkia harusi naota nimefika na kamera haina kadi. Betri 6 zilikuwa kwenye chaja tangu jana, nazichomoa nazipanga kwenye begi uso juu, iliyoisha itarudi uso chini, ndo mfumo wangu wote huo sina programu yoyote. Kadi nazifuta ndani ya kamera yenyewe, tena baada ya kuhakikisha kazi ya wiki iliyopita iko sehemu tatu. Halafu kuna hiki ambacho sijawahi kuona mtu anajisifia nacho: nalinganisha saa za kamera zote mbili. Mwaka wangu wa kwanza zilipishana dakika 4, sikujua, nimerudi nimepanga picha kwa muda naona bibi harusi anavishwa pete kabla hajaingia mlangoni. Picha zaidi ya mia saba nikazipanga upya kwa mkono.

Saa 2 asubuhi

Kabla ya harusi kuna kazi ndogo. Bibi kaletwa na mjukuu wake, wanataka picha moja tu ya ukutani. Shikamoo bibi, marahaba, akakaa. Sasa alivyokaa! Mgongo wima, mdomo umebanwa, macho kama anasubiri kuitwa jina ofisini, kumbe picha yake ya mwisho ilikuwa ya kitambulisho. Nikapiga tatu hivyo hivyo asijisikie vibaya, nikasema bibi ngoja nirekebishe taa, nikaenda kuhangaika na stendi ambayo haikuwa na shida yoyote. Kamera iko kwenye tripodi, fokasi nimeshaifunga, rimoti iko mfukoni. Bibi akajua kazi imesimama kwanza, mabega yakashuka, akamtupia jicho mjukuu akamwambia wewe hilo shati hukulipiga pasi, na huku vidole vya mkono wa kulia vimeanza kuichezea pete ya mkono wa kushoto, pete imelegea inazunguka tu kwenye kidole kilichokonda. Nikabonyeza mfukoni. Mara mbili.

Nikamwonyesha zote tano, nikamwambia bibi hizi mbili nimepiga hujui, ukitaka nafuta sasa hivi. Akaangalia weee, akasema "hii ndo mimi, zile nyingine ni mtu wa serikali."

Dogo alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, akaniuliza rimoti ni aina gani. Sikumjibu.

Saa 4

Njiani ndo tukaanza lile swali. Yeye anaamini ni hela, ukilipwa basi wewe ni mpiga picha. Nikamuuliza unamjua Vivian Maier? Hamjui. Huyu mama alikuwa yaya, kalea watoto wa watu miaka na miaka, wengi huko Chicago, na siku zake zote anatembea na kamera shingoni anapiga watu mitaani. Alipofariki 2009 hakuwa na jina lolote, picha zake zilikuja kutoka kwenye maboksi yaliyouzwa kwa mnada 2007, negativu zaidi ya laki moja, na filamu nyingine hata hakuwa ameshazisafisha, yaani alipiga hakuziona mwenyewe. Leo zinatundikwa kwenye majumba ya sanaa. Sasa niambie, huyo hakuwa mpiga picha kwa sababu hakuna aliyemlipa?

Dogo akanyamaza kidogo akasema basi ni kamera nzuri. Hapo nikacheka. Nikamwambia Mohamed Amin, yule Mkenya aliyepiga njaa ya Ethiopia 1984 dunia nzima ikashtuka, mwaka 1991 mlipuko Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Wewe juzi ulikataa kwenda kazi kwa sababu kamba ya kamera imekatika.

(Alicheka ila naona ilimuingia.)

Saa 6 mchana

Tuko kwa bwana harusi, chumba kidogo, ukuta wa rangi ya kahawia, yeye suti nyeusi na ni mweusi kama mimi. Nikamwachia dogo kamera ya pili. Baada ya dakika kumi kaja na uso umemshuka, kila picha bwana harusi kama kamwagiwa vumbi, suti imekuwa ya kijivu, jasho la kwenye paji la uso limegeuka doa jeupe. Akaanza kulaumu lensi.

Lensi haina kosa. Kamera ikipima mwanga yenyewe inaamini dunia yote ni kijivu cha katikati, haijui kama mbele yake kuna suti nyeusi au shela jeupe. Ukiijazia weusi inadhani giza limeingia, inaongeza mwanga hadi mweusi anapauka. Ukiijazia weupe inafanya kinyume, shela linatoka kama limefuliwa na majivu. Kwa hiyo kwenye weusi unashusha wewe, kwenye weupe unapandisha wewe. Nikamwambia shusha stopu moja, yaani mwanga ubaki nusu, msogeze dirishani, sio alitazame dirisha bali libaki upande mmoja wa uso wake, halafu tazama histogramu (ule mchoro wa kamera unaoonyesha picha ina giza kiasi gani na mwanga kiasi gani) usiiamini picha ya kwenye skrini maana skrini kwenye chumba chenye giza inakudanganya. Akapiga. Ngozi ikarudi, ile rangi yenyewe na mng'ao wake juu ya shavu. Dogo akaitazama ile picha kama kaokota kitu.

Mimi kwa kweli hapa ndo huwa nakuwa mkali. Mtu anaweza kuwa na vifaa vyote na bado miaka mitano anapausha watu weusi kisha anasema ataediti baadaye. Unaediti nini wakati hukumwona?

Saa 8

Sherehe imeanza na flashi yangu kubwa ya kwenye stendi ikagoma. Hivi hivi. Nimebadilisha betri, nimebadilisha chaneli ya kile kifaa cha kuiwasha, kimya, na bibi harusi anatoka kwenye gari. Sikuwa na muda wa kuwa na hasira. Nikaiacha pale ilipo, ISO, yaani wepesi wa kamera kudaka mwanga, nikapandisha hadi 6400 ingawa inaleta chengachenga, tundu la lensi nikalifungua lote hadi mwisho wake, 1.8, nikahamia upande wa kushoto kwenye madirisha. Picha zina chengachenga. Sawa, mtu analia kwenye picha yenye chengachenga na bado analia.

Na kuna mjomba wa simu. Kila harusi anakuwepo, mikono juu, katikati ya njia kabisa. Zamani nilikuwa nawachukia, siku hizi namsogelea namwambia mjomba njoo huku kwangu utapata vizuri zaidi, anakuja, njia inabaki wazi. Kodak, wale watengeneza kamera, mwaka 1888 walishawatangazia watu bonyeza kitufe, kazi nyingine tuachie sisi, kwa hiyo haya malalamiko ya "siku hizi kila mtu ni mpiga picha" yana umri kuliko babu yangu. Mjomba ana haki yake. Tena picha zake zitafika kwa ndugu leo hii, zangu baada ya wiki tatu.

Tofauti yetu ni kwamba yeye anapiga kinachotokea. Mimi nilikuwa nimempa mgongo bibi harusi. Wote wanamtazama yeye anaingia, mimi naangalia mlango mdogo wa pembeni, kwa sababu asubuhi nilimuona baba yake akikunja leso mara nne akaiweka mfuko wa shati, sio wa koti. Mtu anayeweka leso mahali pa karibu hivyo anajijua. Nikangoja. Dogo ananifanyia ishara, bosi geuka, bosi yuko huku! Nikaendelea kungoja. Leso ikatoka.

Bibi harusi akiingia nilikuwa nimeshamwelekeza dogo apige, na alipiga, zipo, nzuri tu.

Saa 10

Picha za makundi. Hakuna cha kuhadithia, ni kupanga watu na kuita majina na kuhesabu macho yaliyofumba. Piga kila kundi mara tano, hapo hakuna usanii.

Saa 12 jioni

Jua limekaa chini, mwanga wa pembeni ule wa dhahabu, nina kama dakika 15. Maharusi wamechoka, tabasamu limeisha tangu saa 9. Nikawaambia sitawapanga, kaeni tu hapo kwenye ngazi mpumzike, mimi natafuta lensi. Bibi harusi akavua viatu, mume akaviokota akaviweka mapajani mwake. Mnajua nilichofanya.

Saa 3 usiku

Nyumbani. Sijavua hata soksi, kadi kwanza. Kamera inaandika kadi mbili kwa wakati mmoja, lakini bado nanakili kwenye laptopu, kwenye diski ya nje, na ya tatu inapanda intaneti nikilala. Picha 2,314. Zitabaki kama 400 na kuzichagua kutanila zaidi ya siku niliyozipiga, sehemu hii hakuna anayeiona.

Ile ya leso fokasi imekaa kwenye vidole, sio usoni. Nimeikuza, nimeipunguza, nimeikuza tena. Naiacha hivyo.

Saa 5 usiku

Ujumbe kutoka kwa dogo, katuma picha aliyopiga na simu yake. Ni mimi nimelala tumboni kwenye sakafu mbele ya zile ngazi, shati limepanda mgongoni, na nyuma yangu watoto watatu wa harusini nao wamelala tumboni vilevile, kila mmoja kashika kamera ya hewani.

Nikamuuliza ulikuwa umesimama wapi? Akajibu juu kwenye veranda, nimekaa dakika kumi, yule mdogo alikuwa hajalala bado.

Imepinda kidogo upande wa kulia. Nikamwambia inyooshe kwa kufuata ukingo wa ngazi, kesho uniletee faili kubwa.